Doa Jekundu kwenye Shamba la Mama

Mimi ni mtu wa wasiwasi, nianze kwa kukiri. Mama husema nilizaliwa nimekunja uso kama mtu aliyekwishapewa habari mbaya huko alikotoka. Mtu akichelewa kurudi sokoni, mimi nimeshamzika. Simu ikiita asubuhi mapema, nawaza msiba kabla sijaipokea. Wenzangu hunicheka, nami hucheka nao, maana mara nyingi huwa hakuna kitu. Sasa fikiria nilikuwaje msimu ule wa kahawa ambao kitu kilikuwepo kweli, na aliyekileta nyumbani nilikuwa mimi mwenyewe.

Kwetu ni Nyakisasa, wilaya ya Ngara. Mama analima kahawa chini ya migomba, kwenye shamba ambalo baba alilipanda mbuni kwa mbuni kabla hajafariki. Nyumbani hatuinywi hiyo kahawa, tunakunywa chai ya rangi kama watu wengine wote kilimani. Lakini bati lililo juu ya vichwa vyetu ni kahawa, na mimi kufika kidato cha nne ni kahawa. Mama huchuma punje nyekundu tu, moja moja, na ukimchanganyia na za kijani anakuita urudi uzitoe mwenyewe. Pale kwenye chama cha msingi wanamjua kwa hilo. Akifika na magunia yake, hata mpokeaji mkali hafungui kila gunia.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Biharamulo, ambako ndoa yangu iliishia bila kelele nyingi. Ndipo chama kikatangaza jambo jipya. Wanunuzi wa ng'ambo hawatapokea tena kahawa isiyojulikana shamba lake. Huko kwao wameweka sheria kwamba kahawa isitoke kwenye ardhi iliyokatwa msitu, na ushahidi ni ramani. Kila shamba lizungukwe na mtu mwenye simu, simu ichore mstari wa mpaka, kisha mstari huo ulinganishwe na picha za setilaiti. Likiwa safi linakuwa kijani kwenye ramani. Likigusa msitu linakuwa jekundu, na kahawa yake haiendi popote. Zamani gunia likishatoka ghalani limekwenda, hakuna aliyeuliza limetoka kwa nani. Sasa kumbe mtu wa huko anayekunywa kikombe chake anataka kuujua hadi mti.

Wakatafuta watu waliosoma kidogo na wanaojua simu, nami nikachukuliwa. Tulifundishwa siku mbili Biharamulo mjini, kwenye ukumbi wenye feni iliyokuwa ikikwaruza. Mwalimu alituambia mtu atembee juu ya mpaka wenyewe, simu kifuani, asikate kona, asisimame kupiga soga. Alieleza juu ya mito, mawe, nyumba na barabara. Juu ya makaburi hakusema neno, nasi hatukuuliza, kwa sababu hakuna aliyefikiri kuna la kuuliza.

Mama hakulipenda jambo hilo tangu mwanzo. Yeye aliona kambi ya Benaco ilivyokuwa wakati wa wakimbizi, aliona na ya Lukole pia, na kichwani mwake ardhi ikipimwa maana yake kuna mgeni yuko njiani. Nilimweleza mara tatu kwamba safari hii hakuna anayekuja, ni kahawa tu inayotaka kwenda. Akasema haya, ila nimpime yeye wa kwanza, ili kama ni balaa lianzie kwa mwenye mtoto aliyelileta. Alikuwa akitania. Mimi nililala nalo siku mbili.

Basi nikampima. Tulianzia juu, chini kidogo ya nyumba, mimi mbele na simu kifuani, yeye nyuma na panga lake akinionyesha minyaa iliyopandwa kuwa mpaka. Tukashuka hadi chini, mahali shamba linapoishia na msitu wa hifadhi unapoanzia. Pale chini ndipo wamelala watu wetu. Babu, bibi, mdogo wangu aliyekufa mchanga, na baba, wote wanne mstari mmoja juu ya mpaka wenyewe. Wazee wa kwetu walizika hivyo makusudi, maana jirani anaweza kung'oa minyaa usiku akasogeza mpaka, lakini kaburi hasogezi. Nikafika kwenye saruji ya kaburi la babu. Kufuata mpaka sawasawa ilikuwa ni kupita juu yake, kisha juu ya bibi, juu ya mdogo wangu, nimalizie kifuani kwa baba. Miguu ilijiendea yenyewe. Upande wa juu mibuni ilikuwa imebanana, nikateremka kando, nikaingia msituni hatua kama kumi, nikawazunguka wote wanne, nikapanda tena upande wa pili. Mama nyuma yangu alikuwa akiwaamkia kwa Kihangaza, mmoja mmoja. Simu haikuacha kuchora.

Sikuwaza kitu, naapa. Nilipomaliza shamba la mama nilikwenda kwa jirani, na kwa jirani wa jirani, wiki tatu nzima. Mahali palipokuwa na makaburi nilizunguka, kama mtu yeyote aliyelelewa angefanya.

Kule kwetu mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo ramani zote nilikwenda kuzituma Benaco, ambako malori ya kwenda mpakani Rusumo hulala na mnara haukosi nguvu. Nilikaa kwenye benchi la mama ntilie nikaagiza chai. Mashamba yakaanza kupata rangi moja moja kwenye kioo. Kijani, kijani, kijani, nami nikaanza kujisifu moyoni. Kisha likaja jekundu. Nikalibonyeza, likatokea jina la mama, na chini yake maneno kwamba shamba limeingia msituni. Lile duara nililolizunguka lilikuwa limetokeza nje ya shamba kama tumbo la mjamzito, lote ndani ya hifadhi. Nikajaribu kufuta, ikakataa, ikasema marekebisho hufanywa tu na afisa wa kampuni inayonunua kahawa, kwa maelezo ya maandishi. Chai ilipoa mbele yangu na yule mama akaniuliza kama ninaumwa.

Sasa hapa ndipo nilipofanya kosa la pili, nalo lilikuwa baya kuliko la kwanza. Nilinyamaza. Nilijiambia kesho nitamweleza katibu wa chama, na kesho ikawa keshokutwa. Niliogopa wangeona nimechafua ramani ya mama yangu mzazi, wakaanza kuzitilia shaka zote nilizozipima. Niliogopa pia kumwambia mama. Kaka yangu, ambaye ndiye mwanamume wa pekee aliyebaki katika familia yetu, analima mahindi Biharamulo karibu na Wasukuma, amejifunza kwao kulima kwa jembe la ng'ombe, na miaka miwili mfululizo alikuwa akimshawishi mama ang'oe mibuni. Alisema kahawa ni zao la kuhangaishwa na watu usiowaona, leo wanataka hivi, kesho vile, lakini mahindi yakikosa mnunuzi unayala. Mwaka huo mama alichoka na hoja hizo, akamjibu kwenye simu mbele yangu, kwa sauti ya mtu anayejua hatashindwa.

"Kahawa yangu ikikataliwa hata mara moja, njoo na shoka lako nitakushikia mpini."

Kaka alicheka akasema amesikia na ameliandika moyoni. Mama naye alicheka. Mimi niliyekuwa nimekaa kando ya mama, nikiwa na ile ramani kwenye mfuko wa sketi, nilitoka nje nikajifanya nakwenda kuangalia mbuzi.

Kwa hiyo msimu ukaanza, na mama akachuma. Kila asubuhi alifunga kanga kiunoni akaingia chini ya migomba na kikapu, akaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Mchana alizitandaza punje kwenye kichanja, akazigeuza kwa viganja, akatoa iliyopasuka na iliyotobolewa na mdudu. Wingu likitokea juu ya kilima aliniita tukimbie na turubai. Nilikimbia kuliko yeye. Ningeweza kuilinda kahawa ile na mvua, na mbuzi, na kuku, lakini kila niliposhika punje nilijua naianika bure. Nilikonda. Mama akadhani ninamwaza yule bwana wa Biharamulo, akanipikia ndizi na maharage kwa nazi ya kununua, kitu asichokifanya hata Krismasi. Nilikula huku nimeinama.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi nilikuwa kata kwelikweli. Mara mbili nilifika hadi mlangoni kwa katibu. Mara ya kwanza alikuwa na wageni. Mara ya pili alikuwa peke yake, akanikaribisha vizuri, nikamuuliza habari za watoto nikaondoka.

Kabla ya ghala kufunguliwa, chama kikaita mkutano. Alikuja afisa wa kampuni, kijana mpole wa mikoa ya mbali, viatu vimejaa vumbi jekundu. Alisalimu wazee shikamoo kwa adabu, wakamwitikia marahaba, kisha akafungua kompyuta na sura yake ikabadilika. Alisema ameshtushwa na kata yetu. Kuna mashamba kadhaa yaliyovamia msitu, na lazima yawekwe kando, maana kahawa yote inachanganywa pamoja, na gunia moja la shamba jekundu linaweza kurudisha mzigo mzima kutoka bandarini. Watu wakaguna. Wakaanza kutazamana, mtu na jirani yake, kila mmoja akikumbuka nani alikata kuni wapi. Afisa akasoma majina. La mama lilikuwa la pili.

Mama alisimama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa na sura ya mtu aliyeitwa kwa makosa na anayesubiri kurekebishwa. Akasema yeye hajawahi kukata hata fito ya hifadhi, aulizwe mtu yeyote. Nyuma mzee mmoja akasema, si kwa sauti kubwa, kikulacho ki nguoni mwako, kumbe hata hawa tunaowasifu kwa usafi. Watu wawili watatu wakacheka. Mama akabaki amesimama, akageuka kunitafuta kwa macho, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa msomi wake na mimi ndiye niliyepima.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nilisimama, Kiswahili changu chote cha shule kikanikimbia, nikabaki na maneno machache.

"Mama hakuingia msituni. Niliingia mimi na simu, nikilizunguka kaburi la baba."

Nikaeleza yaliyobaki. Nikasema nilijua tangu Benaco. Nikasema nilinyamaza wiki zote hizo huku mama akichuma. Kisha mpimaji mwenzangu, kijana wa upande wa pili wa kilima, akanyoosha mkono polepole. Akasema na yeye alizunguka, kwa bibi yake na kwa watu wengine wanne. Mwingine akanyoosha. Tulikuwa wapimaji sita, na mikono iliyokuwa juu ilikuwa sita. Yale majina yote yaliyosomwa yalikuwa ya watu wa zamani wa pale, ambao mpaka wao wa chini ni makaburi na baada ya makaburi ni msitu.

Afisa hakuwa mtu mbaya. Aliuliza tu, kwa nia ya kuelewa, kwa nini hatukupita juu ya makaburi hayo, maana ni hatua tatu nne tu. Bibi mmoja aliyekuwa mbele alimtazama, akamwuliza kama baba yake yuko hai. Akasema yuko hai. Bibi akasema basi tumsamehe.

Afisa akatoka nje kupiga simu, akakaa huko mpaka wengine wakaanza kusinzia. Aliporudi alisema amepewa ruhusa kufungua ramani zile, kila mpimaji akarekebishe akiwa shambani pamoja na mwenye shamba. Mstari uvutwe kwa kidole upite upande wa juu wa makaburi, na makaburi yenyewe yakatwe yawe nje ya shamba. Lakini kila kipande kinachokatwa lazima kipewe jina, mfumo haukubali kipande kisicho na jina. Nikamwuliza mbona kwenye orodha ya majina iliyo kwenye simu hakuna kaburi. Akaitazama orodha yake, akaipandisha na kuishusha, akakiri kwamba hakuna. Kulikuwa na nyumba, barabara, maji, mwamba, na mwisho kabisa eneo lisilo na matumizi. Akasema kwa sauti ya chini nichague hilo la mwisho.

Tulirudi nyumbani mimi na mama. Nilingoja anigombeze. Njia nzima niliomba anigombeze. Alipofika alivua viatu, akageuza kahawa kwenye kichanja kana kwamba ni siku kama nyingine, ndipo akasema twende chini. Tukasimama mbele ya makaburi. Nikafungua simu, nikavuta mstari kwa kidole mpaka ukapita upande wa juu wa wale wanne, wakabaki upande wa msitu. Kikatokea kile kiboksi cha kuchagua jina. Mama hasomi vizuri bila miwani, na miwani alikuwa ameiacha ndani. Akaniuliza kimeandikwa nini.

Nilikuwa na nafasi ya kumdanganya, na niliitamani. Ningesema kimeandikwa makaburi, akaridhika, tukapanda juu tukanywa chai. Lakini nilikuwa nimeshamficha jambo msimu mzima na nilikuwa nimechoka na mimi mwenyewe. Nikamsomea kama kilivyo. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akamtazama baba pale chini, akatazama kwenye kichanja kule juu.

"Bonyeza," akasema.

Nikabonyeza. Kiduara kikazunguka kidogo kwenye kioo kikitafuta mtandao, na shamba la mama likawa kijani. Mama akasema baba naye, alipokuwa hai, mwezi wa kuchuma alikuwa hana matumizi kweli, ukimtafuta yuko kwenye rubisi. Ulikuwa ni utani wake wa siku zote juu ya baba na pombe yake ya ndizi, na siku zote tuliucheka. Siku hiyo kila mmoja alisubiri mwenzake aanze, hakuna aliyeanza.

Kahawa ilipokelewa. Magunia ya mama hayakufunguliwa hata moja, na yule mzee wa methali alimsaidia kuyapanga bila kuambiwa. Kaka alipiga simu akauliza habari za mpini, mama akamwambia akautie kwenye jembe lake. Nilipaswa kulala vizuri baada ya hapo. Watu waliniambia sasa tulia, umepona. Nami nilijikaza nikajifunza kutulia, kwa siku chache.

Halafu siku moja ya mwisho wa msimu, tukichambua punje za mabaki kwenye ungo, mama akaniuliza swali kama anayeuliza bei ya chumvi. Alitaka kujua kama, akizikwa pale chini kando ya baba kama tulivyopanga siku zote, ule mstari itabidi usogezwe tena. Nikamwambia aache maneno hayo. Akasema si maneno, anauliza jambo la shamba, nimjibu. Nikasema ndiyo, utasogezwa, kaburi litaingia juu zaidi na mibuni mitatu au minne itabaki nje. Na itabidi afisa aombwe afungue ramani? Nikasema ndiyo. Na ikichelewa, kahawa ya mwaka huo ingoje? Nikasema inawezekana.

Kesho yake nilimkuta nyuma ya jiko, upande wa barabarani, mahali ambapo hatujawahi kupanda kitu kwa sababu ya mawe. Alikuwa amefyeka majani akakusanya mawe kando, na pale aliposafisha palikuwa na urefu wa mtu mfupi kama yeye. Kutoka pale huwezi kumwona baba, nyumba na migomba yote iko katikati. Akanituma simu. Nikaileta, nikasimama alipotaka nisimame, nikangoja kile kidoa cha buluu kinachoonyesha ulipo kitulie. Kilitulia nje ya mstari.

"Pako nje," nilimwambia.

"Vizuri," akasema, akarudi kwenye kahawa yake.